UZI: Kabla ya harambee ya sola, pandeni ngazi muangalie paa la kanisa lenu (Malindi)

mweka_hazina_Muyeye

Wadau, Bwana asifiwe, na wa upande wa pili salaam aleikum.

Mimi ni mweka hazina wa kanisa moja hapa Muyeye, Malindi. Jina la kanisa naliweka kando. Kamati ya ujenzi imeamua, mimi peke yangu nikikataa, tufanye harambee ya paneli za sola, kwa kuwa bili ya stima imetushinda na ndani ya kanisa hakukaliki kwa joto. Kadi za mwaliko ziko kwa mchapishaji. Nilipouliza paneli zitapunguzaje joto, nikaambiwa kazi ya mweka hazina ni kuhesabu. Haya, nimehesabu.

Jengo lina kuta za mawe ya matumbawe, paa la mabati ya rangi ya damu ya mzee, dari hakuna. Ndani kuna tyubu ndefu 24, zile za kizamani zinazopepesa kabla ya kuwaka. Tyubu yenyewe ni wati 36, na choki yake (kile kifaa cha kuiwasha) nayo inakula, kwa hivyo niliandika 45. Feni za juu ni 12, wati 75 kila moja. Mitambo ya sauti na kinanda nimekadiria wati 600. Vyote vikiwaka pamoja ni wati 2,580. Jumapili tuna ibada mbili, halafu kwaya inabaki kufanya mazoezi, tuseme muda wa saa 6. Hapo tumetumia uniti 15 na nusu (uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja).

Twende nje sasa. Tuna taa 2 za haloji za ulinzi, wati 500 kila moja. Zinawashwa magharibi, zinazimwa alfajiri, jumla ya muda wa saa 12 kamili. Hiyo ni uniti 12 kwa usiku mmoja. Kwa wiki ni uniti 84.

Someni tena pole pole. Ibada zote za Jumapili, pamoja na kwaya na kinanda: uniti 15 na nusu. Taa mbili zinazommulikia mlinzi aliyelala: uniti 84.

Kwa hivyo bili yetu haiko kanisani, iko kwenye ukuta wa nje, na inatumika wakati ambao paneli hazitoi kitu. Joto nalo liko kwenye mabati. Paneli zenyewe haziondoi hata kimoja katika hivyo viwili. Nasema tubadilishe taa, tutibu paa, tufungue njia ya upepo, halafu ndiyo tuzungumze sola. Mwenye hesabu nyingine ailete.

Stima_Baridi

Mweka hazina, ningekuwa mwenyekiti wenu ningekukabidhi kamati nzima.

Mimi ni fundi wa umeme, Malindi na Watamu. Makanisa niliyofanyia kazi karibu yote yana jambo hilo hilo: watu wanaangalia feni kwa sababu wanaziona zikizunguka, taa za nje hakuna anayezifikiria. Haloji ya wati 500 unaitoa, unaweka taa ya LED ya wati 50, na mwanga unaotosha uwanja unaupata. Mbili zinakula uniti 1.2 kwa usiku, yaani 8.4 kwa wiki badala ya 84. Weka na sensa ya mwanga ili zizime zenyewe kukipambazuka, maana mlinzi akisahau zinawaka hadi adhuhuri. Hakikisheni taa imeandikwa IP65 (alama ya kuzuia vumbi na maji) au zaidi, na tundu la waya lizibwe vizuri. Hapa kwetu chumvi ya bahari inaingia kokote. Taa ya bei ya kutupa inamaliza msimu mmoja wa kusi na kufa.

Tyubu: weka za LED za wati 18. Wati 1,080 zinashuka hadi 432. Lakini mwambieni fundi aiondoe choki kwenye saketi. Wengine wanachomeka tyubu mpya juu ya choki ya zamani, inawaka, wanapokea pesa yao, na choki inaendelea kula.

Feni: kabla ya kununua mpya, angalieni kapasita, kile kifaa kidogo kinachoisaidia mota kuzunguka. Feni inayozunguka kivivu mara nyingi ni kapasita imechoka, kitu cha pesa kidogo. Na ile rigileta ya zamani ya ukutani, kisanduku kinachopata moto ukishika, hiyo inapunguza mwendo kwa kugeuza umeme kuwa joto. Unapunguza feni, mita haikuonei huruma. Za kielektroniki hazina shida hiyo. Zipo pia feni za mota isiyo na brashi, zinakula wati 30 hadi 35 kwa upepo ule ule, ila bei yake iko juu, na kwa kanisa la Jumapili tu zinachukua muda mrefu kurudisha pesa. Msizikimbilie.

PastaWaGanda

Ndugu zangu, amani iwe nanyi. Naheshimu hesabu ya mweka hazina lakini sola msiitupe hivyo. Sisi huku Ganda tumeweka na tunashukuru. Mnakumbuka tarehe 25 Agosti 2023 nchi nzima ilipoingia giza? Na tena 10 Desemba mwaka huo huo? Tulikuwa na mkesha. Taa za kanisa zilibaki zikiwaka, watu wa kijiji wakaja kuchaji simu. Kabla ya sola, stima ikipotea Jumapili asubuhi, kwaya yenye sauti 40 bado ilisikika, ila mhubiri mwenye koo bovu kama mimi hakusikika nje ya safu ya tatu.

Kuna faida isiyoonekana kwenye bili.

mweka_hazina_Muyeye

Pasta, hilo nakubali bila kupinga. Ila hiyo ni sola ya kutokatikiwa, si sola ya kupunguza bili. Ni mitambo miwili tofauti na bei mbili tofauti. Kamati yangu imeandika kwenye kadi "kupunguza gharama". Yenu ilikuwa kubwa kiasi gani?

PastaWaGanda

Ndogo. Taa, mikrofoni, spika mbili. Feni haziko ndani.

Stima_Baridi

Hapo Pasta alishauriwa na mtu mkweli. Ngoja niwaonyeshe ile kubwa inavyoharibika.

Tuseme kamati ya Muyeye inanunua paneli za kilowati 5. Kwa jua la Malindi, ukitoa joto, vumbi na waya, zinakupa kama uniti 20 kwa siku. Kwa wiki 140. Kanisa linatumia 15 na nusu, siku moja. Zilizobaki karibu 125 zinakwenda wapi? Hazikwendi popote. Inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kutumika) ikikosa wa kumpa inapunguza tu, paneli zinakaa juani zikiangaliana na kunguru. Ukitaka kuzitunza hadi usiku unanunua betri, na betri ndiyo inayokula nusu ya harambee. Halafu unatumia betri hiyo ya bei kubwa kuwasha haloji mbili za ukutani. Hapo ni kuteka maji kwa tenga.

Ukishaweka LED nje, betri ya kubeba taa za usiku ni ndogo kabisa: uniti 1.2 tu. Ndiyo maana taa zinatangulia. Kila wati unayoiondoa kwanza ni paneli na betri ambayo hutainunua.

Bin_Langobaya

Sasa mbona pale Langobaya wameweka sola ya megawati 52 na inalipa? Wao wana akili gani sisi hatuna?

Stima_Baridi

Wao wanauza kwenye gridi, yaani mtandao wa stima wa taifa, kila siku ya Mungu, hawasubiri Jumapili. Na njia ya mteja mdogo ipo: kanuni za mwaka 2024 zinaruhusu mita ya pande mbili. Unachopeleka kwenye gridi unahesabiwa nusu yake kama uniti zako za baadaye. Yaani uniti 100 ulizotoa zinakurudia 50. Si haba, lakini nusu nyingine umeiacha, kwa hivyo bado inalipa zaidi kutumia mchana umeme wako mwenyewe. Na mfumo wa kuunganishwa na gridi lazima ufungwe na fundi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya kawi) ya daraja la T3. T1 na T2 hawaruhusiwi. Ombeni kuiona leseni kabla ya kumpa hata shilingi ya nauli.

mama_chekechea

Hodi humu. Nyinyi mnahesabu Jumapili tu kama vile viwanja vya makanisa vinafungwa Jumatatu. Sisi wa mtaa wa Barani tuna chekechea ndani ya ua wa kanisa, Jumatatu hadi Ijumaa. Feni 6, friji, na pampu ya kisima ambayo inajaza tangi la watoto na la majirani wanaonunua maji. Vyote mchana. Hapo hesabu ya fundi si inageuka?

Stima_Baridi

Inageuka kabisa, mama. Pampu ni mteja mzuri kuliko wote, kwa sababu tangi lenyewe ndilo betri. Ipigeni saa nne hadi saa tisa jua likiwa kali, na muweke boya la kuizima tangi likijaa. Kwenu paneli zina kazi siku sita au saba. Kanisa lenye chekechea, zahanati au kisima linaweza kuweka sola na likalipwa. Kanisa lenye ibada peke yake, hapana, labda ndogo kama ya Pasta.

KatibuWaMsikiti_Shella

Aleikum salaam. Nimepita tu, lakini nimecheka kwa kuwa mjadala huu tulikuwa nao sisi miezi iliyopita kwa upande wa pili. Msikiti una watu mara tano kwa siku. Adhuhuri na alasiri feni zote zinazunguka, jua linawaka, na pampu ya maji ya udhu inafanya kazi muda wote. Sola ilitufaa tangu wiki ya kwanza. Jirani zetu wa kanisa wakaona, wakataka nakala ile ile. Nikawaambia nyinyi utumizi wenu hauko hivi, wakadhani nawanyima fundi wangu.

Joto lakini ni lile lile kwetu sote. Hilo la paa nalisubiri kwa hamu.

FundiChokaa_Lamu

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwashi, Lamu, nimefanya nyumba za kale na majengo ya ibada ya kila aina. Mniruhusu nizungumzie paa kwa urefu kidogo.

Malindi iko nyuzi tatu na kidogo kusini ya ikweta. Jua linapita utosini mwezi wa Machi na tena mwanzo wa Oktoba, na miezi mingine haliendi mbali sana. Maana yake, sehemu ya jengo inayopigwa na jua kuliko zote ni paa. Baada ya paa ni ukuta wa mashariki asubuhi na wa magharibi jioni. Kuta za kaskazini na kusini zinapata kidogo. Kwa hivyo kanisa refu lililolala mashariki na magharibi limekaa vizuri, pande zake ndefu ziko salama.

Bati la rangi ya kukolea, kama hiyo damu ya mzee ya mweka hazina, saa sita mchana linapita nyuzi 60. Halipashi hewa tu. Linarusha joto moja kwa moja chini kwenye vichwa vya waumini. Ndiyo sababu unakaa chini ya feni na bado kipaji cha uso kinaungua. Feni inasukuma hewa, haizuii joto linaloshuka kutoka kwenye bati.

Watu husema mbona nyumba za Lamu zina ubaridi. Ukuta wa Lamu una unene wa karibu nusu mita, mawe na chokaa, joto la mchana linafika ndani usiku. Lakini vyumba vile ni vyembamba, havizidi mita 3 hivi, kwa sababu upana wake unafuata urefu wa boriti za mikoko. Huwezi kukalisha watu 400 ndani ya chumba cha upana huo. Kanisa linataka ukumbi mpana, ukumbi mpana unataka paa jepesi, na paa jepesi siku hizi ni bati. Kwa hivyo kwa kanisa, dawa yote iko juu.

Ziko njia tatu, naziweka kwa bei kupanda.

Kwanza, rangi nyeupe ya kuakisi jua juu ya bati. Bati jeupe safi linarudisha sehemu kubwa ya jua, saba kati ya kumi au zaidi. Lakini msipake juu ya kutu. Pigeni brashi ya waya, pakeni rangi ya kuzuia kutu, halafu nyeupe mara mbili. Na linataka kuoshwa, kwani vumbi la kaskazi likikaa juu weupe unakwisha kazi.

Pili, karatasi ya alumini inayong'aa, watu wa hardware wanaiita foili ya paa. Inapigiliwa chini ya mbao za paa. Sharti moja: iachiwe nafasi ya hewa, isigusane na bati wala na dari. Ikishikana na kitu inakuwa bati jingine tu. Upande unaong'aa uelekee chini, kwa sababu ukielekea juu unajaa vumbi na kinyesi cha popo.

Tatu, dari kamili, na matundu juu yake ya kutolea hewa ya moto. Dari bila matundu ni kufungia moto kwenye sanduku, usiku unashuka polepole juu ya watu wa mkesha.

Kwa kanisa la Muyeye mimi ningefanya ya kwanza na ya pili. Dari baadaye, Mungu akipenda.

binti_Kakuyuni

Kwa nini tusirudi kwenye makuti tu? Kanisa dogo la Wareno pale karibu na bahari lina makuti hadi leo na ndani kuna ubaridi. Mtakatifu Francis Xavier mwenyewe alipita Malindi 1542 akielekea Goa, na hakulalamika joto.

FundiChokaa_Lamu

Huyo alikuja na mashua ya miezi, binti yangu, chochote chenye kivuli kilimtosha.

Makuti yana ubaridi kweli, yanapumua. Lakini moto. Malindi imeona hoteli na nyumba za makuti zikiteketea, nyumba moja ikishika na upepo wa kaskazi unapuliza, jirani wote wanatoa vitu nje. Weka mishumaa ya Pasaka, waya za spika zilizounganishwa na vijana wa kwaya, na watu 400 wenye milango miwili. Mimi sikubali kazi hiyo. Na yanataka kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, hiyo harambee haiishi.

Kibanda cha nje cha jumuiya kukutana, sawa, makuti.

Bin_Langobaya

Wekeni AC mmalize maneno. Dunia imeendelea.

Stima_Baridi

Mtu mmoja aliyekaa anatoa joto la wati 100 hivi. Waumini 400 ni kilowati 40, kabla hujahesabu bati, taa wala jua la dirishani. AC ya kawaida ya BTU 24,000 inaondoa kilowati 7. Unahitaji sita kwa ajili ya miili ya watu peke yake, kila moja ikivuta umeme wa kilowati 2 na zaidi. Halafu ufunge luva (madirisha ya vipande) zote zile zisizofungika, na watu 400 wakose hewa safi.

Na kabla hamjaleta zile feni za maji: zinafaa mahali pakavu. Pwani hewa imeshiba unyevu, unaongeza maji kwenye maji. Mtatoka ibadani mmelowa.

Upepo wa feni wa mita 1 kwa sekunde unamfanya mtu ajisikie kama joto limeshuka nyuzi 3 hivi. Paa likitibiwa, hizo 3 zinatosha.

katekista_wa_kigango

Tumsifu Yesu Kristo. Nimefurahi mazungumzo haya yapo. Waraka wa Laudato Si' wa Papa Fransisko, wa kutunza mazingira, ulitoka 2015, na huku kwetu tumeusoma kwenye jumuiya, lakini ukiuliza tufanye nini na jengo, watu wanasema panda miti. Miti ni vizuri. Mwarobaini au mkungu upande wa magharibi wa kanisa unakata jua la jioni kabisa, na hauna bili. Tumepanda, sasa vivuli vinafika dirishani kwenye misa ya jioni.

Nina swali. Kijana mmoja alitafuta mtandaoni akatuletea mwongozo wa makanisa ya Uingereza. Unasema tuzibe nyufa zote, tuweke pazia nene mlangoni, tupashe joto viti badala ya ukumbi. Kamati imeanza kuziba matundu ya juu kwa saruji. Ni sawa?

mweka_hazina_Muyeye

Katekista, wasimamisheni leo leo!

Kanisa la Uingereza kwenye sinodi yake ya Februari 2020 liliweka lengo la kufikia utoaji sifuri wa kaboni ifikapo 2030, kwa hivyo wana miongozo mingi na mizuri. Lakini mzigo wao mkubwa ni kupasha joto majengo ya mawe wakati wa baridi. Wanatafuta joto lisitoke. Sisi tunalitafutia mlango litoke. Kinachofaa kuchukuliwa kwao ni utaratibu: soma mita kabla ya kununua kitu, anza na kitu rahisi, mwisho kabisa ndiyo mitambo.

FundiChokaa_Lamu

Yale matundu yaliyojengwa juu ya ukuta karibu na paa, wazee hawakuyaweka kwa urembo. Hewa ya moto inapanda, inatokea pale, ya baridi inaingia kwa madirisha ya chini. Ukiziba juu, chini haiingii kitu hata ufungue milango yote.

Na muangalie pepo. Kuanzia Novemba hadi Machi ni kaskazi, inatoka kaskazini mashariki, na ndiyo miezi ya joto. Kusi inaanza Aprili, inatoka kusini. Kwa hivyo dirisha la kaskazini ndilo la thamani wakati watu wanaumia zaidi. Nimeona makanisa ambayo upande huo umejengwa stoo ya viti vya plastiki imefunga madirisha manne. Hamisheni stoo. Hakuna feni inayolingana na kazi hiyo.

Luva zilizoshikwa na kutu mzitoe, muweke za fremu ya alumini. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, hata kama zina bei. Na hili linahusu paneli pia: vishikio vya chuma cha kawaida karibu na bahari vinaoza kabla ya paneli.

mama_chekechea

Matundu wazi yanaleta popo, fundi. Na mbu kwenye ibada za jioni.

FundiChokaa_Lamu

Popo, weka wavu wa chuma wenye matundu ambayo popo hapiti, upepo haupungui sana. Mbu ni jambo zito zaidi kwa kuwa wavu wake ni mwembamba na unakata upepo, pengine nusu. Wekeni wavu wa mbu kwenye madirisha ya chini upande mmoja unaopata upepo, na muongeze ukubwa wa madirisha kama ukuta unaruhusu. Wengine wanahamisha ibada ya jioni nje chini ya mti, lakini huko mbu ndiko kwao.

MsomajiKimya

Nimesoma tangu mwanzo. Kanisa letu, la zamani kidogo, halina bati. Ni yale ya kijivu ya saruji yenye mawimbi makubwa. Fundi anataka kuyaosha kwa mashine ya maji halafu ayapake nyeupe kama mlivyosema.

Stima_Baridi

SIMAMISHA. Hayo yanaweza kuwa asbesto. Msioshe kwa presha, msitoboe, msikate, msipande juu. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki, na maradhi yake yanajitokeza miaka mingi baadaye. Kuyaondoa na kuyatupa kunasimamiwa na NEMA (mamlaka ya mazingira), kuna watu wenye leseni ya kazi hiyo. Wekeni feni na taa bila kugusa paa, na harambee yenu ya kwanza iwe ya kuliondoa.

KatibuWaMsikiti_Shella

Na kwa wale wa mji wa kale wa Lamu, au jengo lolote lililotangazwa kuwa urithi: msiweke paneli wala kubadilisha paa bila kupita kwa Makumbusho ya Taifa. Mji ule uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001. Kuta zake msizipige plasta ya saruji pia, fundi wa Lamu atawaeleza.

FundiChokaa_Lamu

Saruji inafungia unyevu na chumvi ndani ya jiwe, plasta inabanduka baada ya mvua mbili tatu. Chokaa inaacha ukuta upumue, na ikipakwa nyeupe kila mwaka kabla ya Machi inarudisha jua. Hata kanisa lisilo la kale likiwa na mawe ya matumbawe, ukuta wa magharibi pakeni chokaa.

mweka_hazina_Muyeye

Nimerudi kutoka kikaoni. Nimepeleka hesabu ya uniti 84 kwa 15 na nusu, nimeiandika kwa kalamu nene kwenye karatasi kubwa. Kimya. Mzee mmoja akauliza nani aliamua zile haloji, hakuna aliyejibu, naye alikuwa kwenye kamati hiyo.

Taa zimepita, zinanunuliwa kwa sadaka ya kawaida, hazihitaji harambee. Kwenye paa tukakwama. Si kwamba hawaelewi. Mwenyekiti alisema wazi: mheshimiwa akialikwa anataka kitu cha kuzindua. Paneli zinapigwa picha. Nani atakuja kukata utepe wa foili iliyofichwa chini ya mabati? Na mimi sina jibu la hilo, kwa sababu ni kweli. Bango la wafadhili halina pa kutundikwa kwenye rangi nyeupe.

PastaWaGanda

Mweka hazina, mwambie mwenyekiti aalike mheshimiwa Jumapili ya mwisho wa Machi, ibada ya pili, amketishe safu ya mbele chini ya bati, hotuba ndefu. Halafu achangishe paa hapo hapo.

mama_chekechea

😂😂 Pasta!

mweka_hazina_Muyeye

Nitaipeleka kama ilivyo, Pasta.

Kwa sasa wamekubali nilete makisio mawili, moja la paneli na moja la rangi na foili, wayaangalie pamoja. Fundi wa Lamu, kanisa letu kwa sakafu ni mita 24 kwa 12, yaani mita za mraba 288. Niagize bei ya foili ya 288?

FundiChokaa_Lamu

Hapana, hapo utapungukiwa. Paa limeinama, halilingani na sakafu. Mwinamo wa nyuzi 25 unaongeza kama sehemu moja ya kumi: 288 inakuwa 318. Ongeza upana wa foili unaopandana, sentimita 10 hadi 15 kila mshono. Kwa rangi, hesabu na mabati yanayotokeza nje ya ukuta, na mawimbi ya bati nayo yana eneo lake, rangi inaisha haraka kuliko kopo linavyodai. Kabla ya kuagiza chochote mtu apande apime mbao za paa ziko umbali gani, maana foili inauzwa kwa roli na upana wa roli ndio utakaokuambia utapigilia wapi. Apande asubuhi na mapema.